Bili ya gesi ina nguvu kuliko cheti cha ndoa

Wadau, nimepotea kidogo. Mlioniuliza kama nimeacha uandishi, jibu ni hapana, nilikuwa naandika kila usiku. Tatizo ni kwamba nilichokuwa naandika hakisomwi na mtu yeyote isipokuwa afisa uhamiaji mmoja nisiyemjua jina wala sura, na msomaji huyo hana utani hata chembe.

Mwaka 2025, kuanzia Julai mpaka Oktoba, hatukula chakula mezani hapa kwetu Reading. Tulikula tumepakata sahani kwenye kochi kwa sababu meza ya jikoni ilikuwa imefunikwa na makaratasi. Slipi za mshahara upande wa kushoto, stetimenti za benki katikati, barua zenye anwani yetu upande wa dirishani, na juu ya friji bahasha ya vyeti ambayo hata kuigusa nilikuwa naogopa. Viza ya mume wangu ilikuwa inaisha Oktoba. Aliingia Januari 2023 na ruhusa ya miezi 33, na ili aendelee kulala kwenye kitanda chake mwenyewe ilibidi tuombe mingine 30.

Nitasema moja kwa moja. Kuna watu huko nyumbani, na wengine hapa hapa ughaibuni, wanaodhani mchezo huu ni wa kupima kama ndoa ni ya kweli. Sio. Ni wa kupima kama una hela na kama unajua kutunza mafaili. Mwenye vyote viwili anapita hata kama hampendi mwenzake. Asiye navyo anaweza kupenda mpaka aumwe, na akakataliwa.

Mimi na mume wangu tulifunga ndoa mwaka 2022 kule Machame. Mnajua ndoa za kwetu. Kabla ya siku yenyewe wazee walipanda Lushoto kwetu kuleta mahari, wakarudishwa mara ya kwanza kwa sababu shangazi mmoja hakuridhika na blanketi. Ikaja kitchen party, ikaja send-off, kamati ya harusi ilikaa miezi minne na mweka hazina alikuwa mkali kuliko mamlaka ya mapato. Siku ya harusi walikuwapo watu zaidi ya 300, na kila mmoja wao, hata yule aliyekuja kwa ajili ya ndafu tu, anaweza kusimama mahakamani akaapa kwamba hawa wawili ni mke na mume. Ukoo mzima wa kwake na ukoo mzima wa kwetu ni mashahidi.

Haya. Kwenye maombi ya kuongeza viza, ushahidi wote huo hausemi kitu. Cheti cha ndoa kinatakiwa, ndiyo, lakini hicho ni kiingilio tu. Kinachotakiwa kuonyesha kwamba mnaishi pamoja ni barua. Kawaida tunayofuata wote ni barua sita, zitoke sehemu tatu tofauti, zisambae kwenye muda wote mliokaa pamoja, ziwe na majina yenu wote wawili au kila mtu na zake kwa anwani ile ile. Barua za nani? Za kampuni ya umeme. Za halmashauri. Za maji. Za benki. Yaani shangazi yangu aliyekataa blanketi, mwanamke ambaye hajawahi kukosea katika maisha yake, neno lake ni dogo kuliko la kompyuta inayotuma bili ya gesi.

Na jina lake kuingia kwenye hiyo bili ilikuwa vita. Alipofika, nyumba ilikuwa kwa jina langu, bili zote jina langu. Nikapiga simu kampuni ya umeme, wakasema wanaweza kumwongeza ila alete stetimenti ya benki yenye anwani. Akaenda benki kufungua akaunti, wakamwambia alete bili yenye jina lake na anwani. Ulizeni ni nani aliyecheka. Hakuna. Tulizunguka kwenye duara hilo karibu miezi mitatu, mpaka akapata kazi na barua ya mwajiri ikalivunja. Tukafungua akaunti ya pamoja. Nakiri hatukuifungua kwa mapenzi. Mimi nimelelewa na mama ambaye alificha hela zake kwenye kopo la unga, na mume wangu ni Mchaga, hela yake anaijua yeye na Mungu wake. Tuliifungua kwa sababu ya afisa uhamiaji.

Hapo ndipo unapoanza kubadilika bila kujijua. Tukienda harusini kwa watu namwambia tupige picha, tarehe itaonekana. Likizo moja tulienda Brighton, nikatunza risiti ya samaki na chipsi. Risiti ya chipsi! Nimetunza ujumbe wa simu ambao ananiuliza kama nimenunua vitunguu. Mtu unaishi ndoa yako huku unaitengenezea faili, kama mtuhumiwa anayejua kesi inakuja.

Tuje kwenye hela, maana ndipo pabaya. Ada ya maombi tuliyolipa 2025 ilikuwa pauni 1,321. Juu yake kuna tozo ya afya, pauni 1,035 kwa mwaka, na unailipa yote mbele kwa miezi 30, yaani pauni 2,587.50. Jumla pauni 3,908.50. Kwa madafu ni zaidi ya milioni 10, na hapo hujalipia mtihani wa Kiingereza. Hiyo tozo ilianza mwaka 2015 kwa pauni 200 kwa mwaka. Ikawa 400 mwaka 2019, 624 mwaka 2020, na Februari 2024 ikarukia 1,035. Katika miaka hiyo tisa sijui ni kitu gani kingine kilichopanda mara tano, hata nyanya za Kariakoo hazijafika huko. Na mtaniambia hospitali si za bure, lazima zilipiwe. Sawa kabisa. Lakini fungueni slipi ya mshahara ya mume wangu muone: kodi imekatwa, bima ya taifa imekatwa, kila mwezi, sawa sawa na Mwingereza anayefanya naye kazi ghalani. Kisha analipa tena. Serikali yenyewe huchapisha jedwali la gharama za kushughulikia kila aina ya maombi, na ada tunazotozwa ziko juu ya gharama hizo kwa mbali. Kwa hiyo tusidanganyane kuwa tunalipia karatasi na muda wa afisa. Ni biashara, na bidhaa ni mume wangu.

Mtihani wa Kiingereza nao una kichekesho chake. Mtanzania anasoma kwa Kiingereza kuanzia kidato cha kwanza, fizikia Kiingereza, historia Kiingereza, hata akichapwa kwa kuongea Kiswahili anachapwa kwa Kiingereza. Lakini Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi wanazozihesabu kuwa za Kiingereza. Kabla hajaja alifanya mtihani wa ngazi ya A1. Safari hii ilibidi afanye A2. Kwa makazi ya kudumu, kiwango mwaka 2025 kilikuwa B1, pamoja na mtihani wa maisha ya Uingereza. Alirudi kutoka kwenye A2 akaniambia wameongea dakika chache tu, mtahini akamuuliza anapenda hali ya hewa ya namna gani. Kwa bei ile, angalau wangemuuliza kitu cha maana.

Sasa kipato. Hapa nataka mnisikilize vizuri, hasa ninyi mnaopanga kuoa au kuolewa kuvuka bahari. Julai 2012, Theresa May akiwa waziri wa mambo ya ndani, walianzisha kiwango: anayemleta mwenzake lazima aonyeshe kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka. Hesabu yake angalau ilikuwa na mantiki yake, kwamba wawili wenye kipato hicho hawatahitaji msaada wa serikali. Desemba 2023 serikali ya wakati huo ikatangaza itapandisha mpaka 38,700. Ikaanza na 29,000 tarehe 11 Aprili 2024, kisha serikali ikabadilika Julai mwaka huo na kupanda kukasimamishwa hapo. Sisi tulinusurika kwa sababu tulianza safari kabla ya tarehe hiyo, waliokuwa njiani wakabaki na 18,600.

Dada mmoja niliyefanya naye kazi za kutunza wazee hakunusurika. Alikuwa anasubiri amalize deni ndipo amwombee mumewe viza. Kima cha chini cha mshahara hapa tangu Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Pigeni hesabu: saa 40 kwa wiki, wiki 52 bila kuumwa hata siku moja, unapata pauni 25,396.80. Yaani mtu anayefanya kazi kutwa kucha, kazi ambayo serikali yenyewe imeiwekea bei na kusema bei hii ni halali, kwa sheria ya serikali hiyo hiyo hana haki ya kuishi na mume wake. Anawaogesha wazazi wao, anawalisha, anawafumba macho wakifa. Lakini kuwa na mume ni anasa ya wenye 29,000.

Na hiyo 29,000 waliitoa wapi? Waliitoa kwenye mishahara ya kazi za wageni wenye ujuzi maalumu. Mke wa mtu wakampima kwa mizani ya kuajiri mhandisi. Kamati yao wenyewe ya ushauri wa uhamiaji ilipopitia suala hili Juni 2025 haikuona mantiki ya kuzifunga familia kwenye kipimo hicho. Mahakama ya Juu nayo, Februari 2017, ilisema kanuni ya kipato imewaletea dhiki maelfu ya watu, na kwamba imeshindwa kuzingatia ipasavyo maslahi ya watoto. Lakini ikasema pia kiwango chenyewe kwa msingi wake ni halali. Ndiyo hivyo. Dhiki ikatambuliwa, ikaachwa iendelee.

Sasa kichekesho cha kwetu. Kwenye fomu mimi ndiye mdhamini, nina ruhusa ya kuishi hapa bila kikomo na pasipoti yangu ya kwetu iko kabatini. Yeye ni mwombaji, anayenitegemea. Lakini mimi ni mwandishi, wadau, mnajua wenyewe. Nina kazi nusu ya kuajiriwa, nusu najitegemea, na ukichanganya viwili hivyo unatakiwa uende na hesabu za mwaka mzima wa fedha, karatasi za kodi, stetimenti za miezi 12, hadithi haiishi. Yeye anabeba boksi kwa mwajiri mmoja, slipi zimenyooka kama rula. Kanuni zinaruhusu, mwenza akishakuwa hapa na kibali cha kazi, kipato chake kihesabiwe. Kwa hiyo tukapeleka slipi zake za miezi sita, stetimenti zinazolingana nazo mpaka senti, na barua ya mwajiri wake. Mnaona? Mtegemezi ndiye aliyethibitisha kwamba mdhamini anaweza kumtunza. Nilipomweleza mama yangu kwenye simu alinyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, si ungesema tu kwamba mume anamlisha mke?"

Hoja inayorudi kila mara ni ile ya ndoa za makaratasi. Zipo. Sitajifanya sijui, tumekaa nao kwenye sherehe, tunakula nao pilau, na wote ukumbini tunajua. Lakini hebu fikirini. Mtu aliyemlipa dalali apange ndoa, atashindwa kupanga bili? Faili la ndoa ya uongo ndilo faili safi kuliko yote, kwa sababu liliandaliwa siku ya kwanza. Barua zake ni kumi na mbili badala ya sita. Anayenaswa na mtego huu ni yule aliyeoa kwa kupenda, akaishi kama watu wanavyoishi, bila kufikiria kwamba siku moja ataulizwa bili ya maji ya Machi 2023 iko wapi.

Na wasidhani wamegundua leo. Uingereza imekuwa ikichungulia vyumba vya watu muda mrefu. Mwaka 1979 magazeti yao yalifichua kwamba mwanamke wa Kihindi aliyefika Heathrow kuolewa alipimwa kama ni bikira. Palikuwa pia na kanuni iliyomtaka mume athibitishe kwamba hakuoa kwa ajili ya kuingia nchini, jambo ambalo sijui unalithibitishaje; ilifutwa mwaka 1997. Kisha kuna kesi ninayoipenda kwa uchungu, ya Mei 1985 kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Wanawake watatu waliokuwa wakiishi Uingereza kihalali, mmoja wao, Nargis Abdulaziz, mzaliwa wa Malawi, walilalamika kwamba mwanamume aliruhusiwa kumleta mke kwa urahisi ambao mwanamke hakuupata kumleta mume. Wakashinda, mahakama ikasema huo ni ubaguzi wa kijinsia. Na serikali ikafanya nini? Badala ya kuwarahisishia wanawake, ikawabania na wanaume. Usawa ukapatikana.

Kabla hamjacheka sana, tujitazame. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania nafasi ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa. Mwanamume mgeni aliyemwoa dada yenu hana mlango huo, apange foleni ya kawaida kama mgeni mwingine yeyote. Majirani zetu Kenya walilimaliza kwenye katiba yao ya 2010, ibara ya 15: mtu yeyote, mume au mke, akikaa kwenye ndoa na raia miaka saba anaweza kuomba. Sisi bado tunaona mwanamke akiolewa na mgeni ametoroka na mali ya ukoo. Kwa hiyo ninapompigia kelele Mwingereza, najua wapo wenzangu Arusha na Dar wenye waume wa Kimalawi na Kikenya, nao wana meza za jikoni zenye makaratasi, na hakuna anayewaandikia.

Tulituma maombi mwanzoni mwa Oktoba, siku kadhaa kabla viza haijaisha. Ukiwahi hivyo, ruhusa ya zamani inaendelea mpaka jibu litoke, unafanya kazi kama kawaida. Ila ukitoka nje ya nchi kabla ya jibu, maombi yanahesabiwa umeyaondoa. Hela imekwenda, viza hakuna, unaanza upya ukiwa nje. Muda wa kawaida unaotajwa ni wiki nane. Kuna huduma ya haraka, pauni 1,000 juu ya ada zote, unajibiwa siku ya kazi inayofuata. Tuliiangalia ile elfu moja kwenye skrini. Mume wangu akasema tuna haraka gani, hatuendi popote.

Wiki ya kwanza ya Novemba baba mkwe akafariki.

Shemeji alinipigia mimi kwanza, sio kaka yake. "Shemeji, mwambie polepole. Na mtuambie anafika lini, tumsubiri." Kwa Wachaga mnajua, huyu ni kifungua mimba, anazika baba yake kihambani, ndiye wa kwanza kutupa udongo. Walikuwa tayari kusubiri wiki. Mochwari inadai kila siku, wageni wamejaa nyumbani, na wao wanasubiri. Ilibidi niwaeleze wazee wa Machame, kwa simu ya spika, kwamba mtoto wao hayuko jela, hajafukuzwa, hana kosa lolote, ana kazi na kodi analipa, ila hawezi kuja. Mzee mmoja akauliza, "Nani amemkataza?" Sikuwa na jina la kumpa.

Alimzika baba yake kwenye simu, ameiegemeza kwenye chupa ya chai, hapo hapo kwenye ile meza. Mtandao ulikatika wakati wa udongo. Mdogo wake alitupa kwa niaba yake. Jibu la viza lilikuja siku kumi na saba baadaye, amekubaliwa, kila kitu kiko sawa.

Kwa hiyo mtu asinipe habari za "sheria ni sheria". Tofauti ya kumzika baba yako na kumtazama akizikwa imewekewa bei, na bei yake ni pauni 1,000.

Na lipo la mwisho ambalo lisiposemwa na sisi wenyewe hatasema mtu. Mfumo huu unampa mdhamini fimbo, na wengi wetu tunaitumia. Nimemsikia mwanamume wa Kitanzania, msomi, tena mzee wa kanisa, akimwambia mkewe mbele za wageni, "Endelea tu, nitapiga simu moja urudi kwenu." Watu walicheka. Nimewasikia wanawake pia wakiwaambia waume zao. Mama, dada, kaka unayesoma hapa ukiwa kwenye hali hiyo: aliyekuja kwa viza ya mwenza akipigwa au kunyanyaswa na mwenza huyo, kanuni zinamruhusu kuomba makazi kwa jina lake mwenyewe, bila saini ya anayempiga. Tafuta wakili wa uhamiaji au shirika la msaada, usiulize kwenye sherehe. Na wewe mwenye kutishia, mimi nimekaa kwenye ile meza, najua umelipa kiasi gani. Hukumnunua.

Mimi na wangu tuna miezi mingine 30, kisha makazi ya kudumu, ambayo ada yake mwaka 2025 ilikuwa pauni 3,029 na sina matumaini kwamba itashuka. Nimenunua boksi la viatu, nimeandika juu yake 2028. Leo asubuhi imekuja bili ya maji, ina majina yote mawili, lake wamelikosea herufi moja. Nimepiga simu warekebishe. Wameniambia nisubiri kwenye laini.